Pedi za sufu za kunyonyeshea: zinaweza nini, na zinasingiziwa nini

Mtoto wa mtu mwingine kabisa analia huko nyuma kwenye foleni, hata humjui, na ghafla unasikia ule mchomo kama visindano ndani ya matiti, unajua kabisa kinachofuata, unakunja mikono kifuani haraka haraka lakini wapi, duara mbili zishajichora kwenye blauzi. Aliyenyonyesha anaijua hiyo. Na hapo ndo msako wa pedi unapoanza, na humo kwenye kusaka unakutana na watu wa aina mbili, mmoja anakwambia pedi za sufu ni dawa ya kila kitu, chuchu zilizochanika, uvimbe, fangasi, maumivu, mwingine anacheka tu anasema sufu kifuani si ndo ile ya sweta inayowasha, unataka kujitesa? Wote wawili wana kipande cha ukweli na wote wawili wamechanganya mambo.

Kwanza jina, maana hata hapo watu wanapotea. Sufu ni manyoya ya kondoo. Sio sufi, ile ya kwenye mti wa msufi ambayo watu wanajazia mito. Nimeshaulizwa kama mtu anaweza kujaza pedi zake kwa sufi, hapana jamani, sufi ina nta inayokataa maji kabisa na haiyanywi, ndo maana zamani ilijazwa kwenye maboya ya kuokolea watu baharini. Kwa pedi haikufai kitu.

Sasa kabla ya kuongelea pedi tuongelee kwa nini maziwa yanavuja, maana ukilielewa hilo nusu ya kazi imeisha. Kuna homoni mbili hapa, prolaktini inayofanya maziwa yatengenezwe na oksitosini inayoyasukuma yatoke. Hii ya pili inakaza vimisuli vidogo sana vilivyozunguka sehemu maziwa yanapotengenezwa, ndo ule mchomo unaousikia (wengine hawausikii kabisa na maziwa yanatoka vizuri tu). Oksitosini inasafiri kwenye damu, na damu haijui kulia wala kushoto, kwa hiyo mtoto akinyonya titi moja na la pili linachuruzika. Na haingoji mtoto anyonye, sauti ya kilio inatosha, kumuwaza inatosha, kuoga maji ya moto inatosha. Wiki za mwanzo ndo balaa zaidi kwa sababu mwili bado haujajua mtoto anataka kiasi gani, unatengeneza kwa makisio, na kwa wengi mambo yanatulia kati ya wiki ya 6 na ya 10 hivi. Wapo wanaovuja miezi na miezi. Wapo pia ambao hawakuvuja hata tone na watoto wao wameshiba, kwa hiyo usije ukapima wingi wa maziwa yako kwa ulowefu wa nguo.

Na kuna kaujanja ka bure kabisa: ukisikia yanashuka mahali pabaya, bonyeza chuchu kuelekea ndani ya kifua kwa kiganja au kwa mkono uliokunjwa, tulia hivyo kama dakika moja, mara nyingi yanakata. Ila usifanye hivyo kila saa kwenye zile wiki za mwanzo, maziwa yanahitaji njia.

Haya, pedi. Mi naona mchanganyiko wote unatokana na kudhani pedi ina kazi moja. Ina kazi tatu, na hamna pedi inayoziweza zote tatu sawasawa: kudaka maziwa yasifike kwenye nguo, kuiacha ngozi ya chuchu ipumue, na kulitunza joto. Ukimsikia mtu anasifia au anaponda pedi fulani muulize tu, kwa kazi ipi?

Chukua zile za kutumia mara moja na kutupa. Ndani mna chembechembe za polima, zilezile za kwenye diaposi, zikipata maji zinageuka kama jeli na haziyaachii tena. Kwa kudaka hazina mpinzani. Shida ni huko nyuma, nyingi zina karatasi ya plastiki, kwa hiyo mvuke wa mwili hauna pa kutokea na ngozi inakaa kama vidole vilivyokaa kwenye maji ya kufulia, vyeupe, vimelegea, na ngozi iliyolegea hivyo ndo inayochanika kirahisi. Za pamba zinakunywa haraka, laini, unafua unavyotaka, ila zikishaloa zimeloa, na kitambaa cha pamba kilicholoa kikipigwa na upepo kinakuwa baridi, si unajua shati lenye jasho linavyokuganda mgongoni.

Sufu inafanya kitu tofauti, na hapa naomba twende taratibu.

Kama umepata pedi ya sufu ambayo haijatiwa madawa, hebu dondoshea tone moja la maji juu yake. Halizami. Linakaa pale duara, linang'aa, ukiinamisha pedi linabingirika na kuanguka kama tone kwenye jani la gimbi. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nikasema nimeibiwa, pedi gani hii inayokataa maji? Kumbe ukiukuza unywele mmoja wa sufu, kwa nje una magamba yamelaliana kama vigae vya paa, na juu ya magamba kuna utando mwembamba sana wa mafuta, achilia mbali lanolini, ambayo ni mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kondoo mwenyewe yakamlinda na mvua. Hayo yote yanakataa tone. Ila ndani ya unywele mna keratini, protini ileile ya kucha na nywele zetu, na keratini inapenda maji kweli kweli. Tone ni kubwa haliwezi kupenya, mvuke ni mdogo unapita katikati ya magamba unaingia ndani. Kwa hiyo sufu kwa nje inasukuma maji na kwa ndani inayavuta, kwa wakati mmoja.

Ndo maana utasikia ile sentensi inayorudiwa kila mahali, kwamba sufu inaweza kubeba unyevu hadi kama asilimia 30 ya uzito wake bila wewe kuhisi ubichi. Ni kweli. Ila piga hesabu kidogo. Pedi yenye gramu 10, asilimia 30 yake ni gramu 3, yaani nusu kijiko cha chai na kidogo zaidi. Nusu kijiko! Anayevuja kwa fujo anatoa zaidi ya hapo mtoto akinyonya upande wa pili mara moja tu. Hiyo asilimia 30 ni ya unyevu ulioingia ndani ya unywele, ndo ule usiouhisi. Kinachozidi hapo kinakaa katikati ya nywele na nywele kwenye pedi, taratibu kinatoka kama mvuke upande wa nje, na kama pedi ina lanolini nyingi na maziwa yamekuja kwa mkupuo basi yanaweza kuteleza juu yake tu yakatokea chini ya sidiria. Mtu akikwambia sufu haivujishi, mwambie inategemea na mvua imenyesha kiasi gani.

Kwa matone ya hapa na pale, na kwa usiku ule maziwa yanapochuruzika polepole, ni nzuri mno, unaamka ngozi kavu. Kwa mafuriko ya wiki ya kwanza hadi ya nne hivi, peke yake itakuaibisha. Wanaozitengeneza vizuri wanalijua hilo, ndo maana zipo zenye tabaka mbili, hariri au pamba upande wa ngozi, sufu upande wa nje. La ndani linadaka, la nje linazuia maziwa yasifike kwenye nguo na linaruhusu mvuke uende zake. Unaweza kufanya mwenyewe pia, pedi nyembamba ya pamba ndani, ya sufu juu yake, ya pamba ikiloa unaitoa unaweka nyingine na ile ya sufu inaendelea na kazi. Angalia tu unene. Ukirundika pedi mbili kwenye sidiria inayobana unalikandamiza titi, na kulikandamiza titi kila siku ni kukaribisha uvimbe.

Sasa nije kwenye joto, maana hapa ndo sufu inapojilipia. Kuna akina mama wananyonyesha, mtoto akiachia tu, chuchu inageuka nyeupe kabisa kama imechovywa kwenye chokaa, halafu inakuja ya zambarau au bluu, halafu nyekundu, na maumivu yake si ya mchezo, yanachoma yanapwita, yanaweza kuendelea muda mtoto akiwa ameshalala. Kwenye ngozi nyeusi sana rangi hazijitokezi sana ila pale ncha inavyopauka utaiona ukitazama. Hiyo ni mishipa midogo ya damu imejikaza ghafla, damu haifiki. Jambo hilohilo linawapata watu kwenye vidole vya mikono wakishika kitu cha baridi, daktari wa Ufaransa Maurice Raynaud alilieleza mwaka 1862, mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Baridi ndo kichokozi kikubwa, chuchu kutoka tu kwenye mdomo wa mtoto wenye joto ikakutana na hewa ya nje inatosha, na pedi iliyoloa ikapoa inatosha zaidi. Kwa mama wa hivi kuivua pedi mbichi ya pamba akaweka ya sufu kavu mara tu mtoto anapoachia ni tofauti ya mbingu na ardhi. Sio miujiza. Nywele za sufu zimejikunja kunja zenyewe, katikati mna hewa, na hewa iliyotulia ndo inayotunza joto, tena hata ikiwa na unyevu bado hazilali zikashikana kama pamba. Watu huongeza kwamba sufu inapokunywa unyevu inatoa joto lenyewe, ni kweli kisayansi, lakini kwa kipande cha gramu 10 usitegemee kulihisi kama jiko.

Ila pedi hapa inatuliza tu, haiondoi chanzo. Mara nyingi chanzo ni mtoto kushika vibaya, anaibana chuchu badala ya kuchukua titi kwa mdomo mpana, utaiona chuchu ikitoka mdomoni imebanwa upande mmoja kama ncha mpya ya lipstiki. Hilo linarekebishwa na mtu anayejua kunyonyesha akikaa na wewe akaangalia, sio na duka. Na kwa wengine inafika mpaka daktari anatoa dawa ya kufungua mishipa. Nalitaja hili kwa sababu maumivu haya yanachanganywa sana na fangasi, mtu anapakwa dawa ya fangasi mwezi mzima kumbe mishipa tu inakaza, na hamna aliyemuuliza kama chuchu inabadilika rangi.

Halafu sasa mtu anasikia "joto ni zuri kwa maumivu ya titi" anaibeba hiyo kila mahali, ndo kosa. Titi likivimba, kuna sehemu ngumu, nyekundu, inauma, labda na homa, hapo ni uvimbe wa titi, na ushauri umebadilika. Zamani tuliambiwa kanda na maji ya moto, sugua kwa nguvu, kamua mpaka liishe. Chama cha madaktari wa unyonyeshaji, Academy of Breastfeeding Medicine, mwaka 2022 kilitoa mwongozo mpya unaosema tofauti: kitu cha baridi kupunguza uvimbe, usisugue kwa nguvu, nyonyesha kawaida bila kukamua kupita kiasi. Kwa hiyo sufu haitibu uvimbe wa titi, mtu asikuuzie hivyo. Ukiwa nao unaweza kuendelea kuvaa pedi yoyote isiyokubana, lakini homa ikipanda au siku ikipita hali haishuki, nenda hospitali, usikae na pedi.

Fangasi nao. Utasikia sufu "inaua bakteria", "inajisafisha yenyewe". Aisee. Sufu hainuki haraka, hiyo nakubali, inaufungia ndani unyevu na zile harufu kwa hiyo pua yako inapata kidogo, lakini kutonuka sio kuua wadudu, viumbe vidogo vinaweza kukaa mle vizuri tu. Na maziwa sio jasho, yana sukari, yana mafuta, yana protini, ukiyaacha kwenye kitambaa yanachacha kama popote pengine. Wanaosema pedi za sufu hazifuliwi, unaanika tu, mi siwafuati. Ikiwa imepata unyevu kidogo tu wa usiku ndio, ianike ipigwe na hewa urudie kuivaa. Ikiloa maziwa, isuuze. Na ukiwa na fangasi wa kweli, uliopimwa, mdomoni kwa mtoto na kwako, ziweke pembeni kabisa mpaka mpone wote. Sababu ni rahisi: nguo zilizogusana na fangasi zinahitaji kufuliwa kwa maji ya moto, nyuzi 60 hivi, na sufu kwenye nyuzi 60 inakufa. Kipindi hicho tumia za pamba unazoweza kuchemsha, au zile za kutupa ukibadilisha mara kwa mara.

Kuwasha je? Kuwasha kwa sufu mara nyingi sio aleji, ni unene. Unywele ukizidi unene wa mikroni 30 hivi (mikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu) ncha yake ni ngumu kiasi cha kuchoma ngozi badala ya kujikunja, ndo lile sweta la utotoni. Sufu ya kondoo wa merino kwa kawaida haifiki mikroni 24, na nyingine ni nyembamba zaidi ya hapo, ncha inajikunja ikigusa ngozi. Ipime kwa kuiweka shingoni au ndani ya kiwiko, usiipime kwa vidole, vidole vimezoea kazi havisemi ukweli. Lakini aleji ya lanolini ipo, sio hadithi, chama cha Marekani cha madaktari wa aleji za ngozi kiliitangaza lanolini kuwa kisababishi cha aleji cha mwaka 2023. Walio hatarini zaidi ni wenye ngozi yenye ukurutu tayari. Kama ulishawahi kupaka ile krimu ya chuchu ya lanolini ukatokwa na vipele vinavyowasha, basi pedi ya sufu iliyojaa mafuta hayohayo sio yako. Na kama chuchu imechanika mbichi, weka kitambaa laini cha hariri katikati, maana pamba au sufu inaweza kugandia kwenye kidonda, na ikigandia usiivute! Ilowanishe kwanza kwa maji ya uvuguvugu au kwa maziwa yako mwenyewe mpaka iachie.

Mwisho kufua, ambako ndo nilikolipia ada. Nilikuwa na pedi sita, nzuri, nene, upana wa sentimita 12 hivi. Siku moja usingizi umenikaba nikazitupa kwenye mashine na nguo za mtoto, maji ya moto, sabuni ya unga. Zilitoka pedi sita zenye ukubwa wa mfuniko wa chupa ya chai, ngumu, ukigonga mezani zinalia. Yale magamba ya unywele yakipata joto, sabuni kali na msuguano yanashikana kama meno ya zipu, na yakishashikana hayarudi nyuma, nguo imerudi basi imerudi. Halafu sabuni nyingi za unga zina vimeng'enya vya kula madoa ya protini, na sufu yenyewe ni protini, kwa hiyo unaisaidia kuliwa. Klorini ndo usiseme, inaiyeyusha.

Fanya hivi: suuza na maji ya baridi kwanza kutoa maziwa (moto unayagandisha kwenye kitambaa), halafu maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 30, sabuni laini kama ya nywele za mtoto, ibonyeze bonyeze tu. Usiikamue kwa kuisokota, sufu ikiwa mbichi ni dhaifu, itaachana. Izungushe ndani ya taulo ukandamize, ianike imelala, kivulini.

Baada ya kufua mara kadhaa tone la maji litaanza kuzama badala ya kubingirika, maana lanolini imeisha. Unairudishia. Lanolini safi ya kiwango cha dawa, kama punje ya kunde kwa jozi moja, kwenye kikombe cha maji ya moto, ukiitia hivihivi itaelea juu kama mafuta yoyote kwa hiyo weka na tone la ile sabuni laini, tikisa ndani ya chupa mpaka maji yawe meupe kama maziwa. Subiri yapoe yawe uvuguvugu, hapa usikimbilie, ukifanya haraka ndo unaunda vifuniko vya chupa kama mimi, kisha loweka pedi usiku kucha. Asubuhi zitakuwa zinanata kidogo, ukizivaa siku moja inaisha. Ila kama ulinunua zile zilizoandikwa kwamba mashine haiziharibu, nyingi huwa zimepitishwa kiwandani kwenye klorini kwa kipimo na kupakwa polima ili magamba yasishikane, tone linazama tokea siku ya kwanza na lanolini haikai sana. Ni rahisi kutunza kweli, lakini umenunua kitu kingine sasa, kinachokunywa zaidi na kuzuia kidogo.

Siku ukiacha kunyonyesha zifue, zikauke kabisa, ufunge kwenye mfuko, kwa sababu viwavi wa nondo wanakula keratini na wanapenda zaidi ile yenye mabaki ya maziwa. Zangu nilizonunua baadaye nimezihifadhi hivyo. Zile sita zilizorudi sikuzitupa, mwanangu anampakulia mwanasesere wake chakula humo.